Barafu Iliyojificha Nyuma ya Friza

Siku niliposhika kichupa cha insulini cha mama yangu na kukikuta kina uvuguvugu, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kufungua friza, na humo nikakuta nyama imeganda kama jiwe na perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu wameshikamana kiasi kwamba hawatenganishiki. Ilikuwa mwezi wa Februari, wakati ambapo joto la Moshi huanza saa tatu asubuhi na halituachi hadi usiku. Katika sehemu ya chini ya jokofu hilohilo, maziwa ya jana yalikuwa yameanza kukatika na mchicha umenywea. Sehemu mbili za chombo kimoja zilikuwa zinatoa ushahidi unaopingana, nami wakati ule sikujiuliza kwa nini. Nilichowaza ni dawa ya mama tu.

Mama ana kisukari kwa miaka 11 sasa. Kliniki walitufundisha tangu mwanzo kwamba kichupa ambacho hakijafunguliwa kikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, kisipate joto na kisigande kamwe, kwa sababu insulini iliyoganda ni ya kutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kwa hiyo jokofu nyumbani kwetu, hapa Rau, ni sehemu ya matibabu yake.

Nilimwita fundi. Aliweka mkono ndani, akasikiliza kompresa inavyonguruma bila kupumzika, akaniambia, "Dada, hapa gesi imeisha." Walilibeba kwenye bajaji ya mizigo hadi kwenye karakana yake, likalala huko usiku mmoja, na kesho yake jioni likarudi likipoza vizuri kabisa. Nililipa shilingi 90,000 na nikamshukuru kwa dhati. Baada ya siku 17 hali ikawa ileile: friza inagandisha, chini ni joto. Fundi akasema bila shaka kuna tundu dogo ambapo gesi inavuja kidogo kidogo, akalichukua tena, akaziba mahali, akajaza, nikalipa tena 90,000. Safari hii lilidumu siku 19.

Idadi hizi nazijua kwa sababu mimi ni fundi cherehani, na daftari langu la oda halikosi tarehe. Kila jambo la nyumbani lenye gharama naliandika pembeni mwa vipimo vya wateja. Sikuandika ili nichunguze kitu. Niliandika kwa mazoea, na mazoea hayo ndiyo yaliyoniokoa.

Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamechanganya, mti uliangukia nyaya za umeme mtaani kwetu usiku wa Ijumaa na tukakaa gizani hadi Jumapili asubuhi. Nilihamishia nyama kwa jirani mwenye jenereta, nikaacha milango yote miwili ya jokofu wazi ili lisinuke, na vichupa vya mama nikavifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuvitumbukiza ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, uliokaa kivulini upande wa upepo. Maji yalitapakaa sakafuni chini ya jokofu, mengi kuliko nilivyotarajia. Umeme uliporudi nililiwasha bila matumaini yoyote, kwa kuwa lilikuwa tayari limeshindwa kwa mara ya tatu na nilikuwa nikichangachanga fedha za kumwita fundi. Ilipofika saa mbili usiku, rafu za chini zilikuwa baridi kama siku lilipotoka dukani.

Nilikaa mezani na daftari langu muda mrefu. Hakuna mtu aliyejaza gesi siku ile. Gesi iliyovuja hairudi yenyewe kwa sababu umeme umekatika. Kitu pekee ambacho kilifanana katika mara zote tatu ni kwamba jokofu lilizimwa kwa saa nyingi: mara mbili likiwa karakana, mara moja likiwa nyumbani. Kumbe kilicholiponya hakikuwa gesi, bali ni kule kupumzika kwake, na maji yale sakafuni yalikuwa barafu iliyoyeyuka kutoka mahali nisipopaona.

Kuanzia hapo nilitaka kuelewa chombo hiki kabla ya kutoa shilingi nyingine. Majokofu ya aina ya langu, yale ambayo friza yake haioti barafu ukutani, yana koili moja tu ya ubaridi, yaani bomba lililokunjwakunjwa ambamo gesi hupita, na koili hiyo imefichwa nyuma ya paneli ya plastiki ndani ya friza. Feni ndogo huvuta hewa ipite katikati ya koili, kisha sehemu ya hewa hiyo baridi hubaki kwenye friza na nyingine hushuka kwa njia maalumu hadi chini kwenye maziwa na mboga. Unyevu wote unaoingia kila tunapofungua mlango, au tunapoweka sufuria ya mtori ambayo haijapoa wala kufunikwa, huenda kuganda juu ya koili hiyo. Ili isizibe, kuna taima ambayo kila baada ya saa kadhaa (kwenye langu ni kama saa 8) huzima kompresa na kuwasha hita iliyo chini ya koili kwa dakika 25 hivi. Barafu huyeyuka, maji hupita kwenye kitundu na mpira hadi kwenye kisahani kilicho juu ya kompresa, na joto la kompresa huyakausha. Kazi hiyo yote hufanyika bila mwenye nyumba kujua. Ikikoma, barafu hujaa taratibu kwa wiki mbili au tatu hadi hewa inashindwa kupita. Friza huendelea kugandisha kwa sababu imepakana na koili yenyewe, ila chini hakufiki kitu.

Nilipoyaelewa haya ndipo nikakumbuka dalili nilizokuwa nimezipuuza. Siku chache kabla ya kila kushindwa, feni ilikuwa ikitoa mlio wa kukwaruza, krr krr, ambao ulitulia nikifungua mlango na kurudi nikifunga. Ilikuwa ni mapanga yake yakigusa barafu. Kisha mlio uliisha, nami nikafurahi, kumbe feni ndiyo ilikuwa imeshikwa kabisa. Uniti za LUKU, yaani umeme tunaolipia kabla ya kuutumia, ambazo kwa kawaida hutufikisha mwisho wa mwezi zilikuwa zinaisha tarehe 20, kwa kuwa kompresa ilifanya kazi usiku na mchana ikifuata ubaridi ambao haukuwa na njia ya kufika kunakotakiwa.

Nilingoja kwa makusudi jokofu lishindwe tena, jambo ambalo lilinigharimu subira, nikiwa nimehifadhi dawa ya mama kwa jirani. Siku ya 16 mlio wa feni ukarudi, na siku ya 18 rafu za chini zikapata joto. Mtoto wa jirani yangu anasoma umeme katika chuo cha ufundi, nikamwomba aje na mita yake ya kupimia. Alifika Jumamosi, akanisalimia, na kabla hajagusa chochote akasema, "Shikamoo mama. Leo plagi itatoka ukutani kabla ya kila mkono kuingia ndani, na tutaiweka mezani ili tuione wote wawili." Nilimpenda kwa neno hilo. Hita na taima hupokea volti 230 kamili, na kazi yenyewe hufanyika penye maji.

Tulianza na taima, kwa sababu haikuhitaji kubomoa friza. Kwenye jokofu langu iko nyuma, chini, ndani ya kikasha chenye skrubu moja. Ina kitovu cha plastiki chenye mfuo wa kuingiza bisibisi. Nilichukua chaki yangu ya kushonea, ile ya bluu iliyonolewa kama wembe, nikachora mstari mwembamba kutoka kwenye kitovu hadi kwenye mwili wa taima, tukarudisha kifuniko, tukachomeka umeme na kuacha. Saa nne baadaye tukachomoa na kufungua: mstari ulikuwa umekatika vipande viwili, kimoja kikiwa karibu upande wa pili wa duara. Taima ilikuwa inazunguka. Ingekuwa imesimama, msako ungeishia hapo, na chaki tu ingetosha kuwa mpelelezi.

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na kijana yule ndiye aliyelibuni. Mita yetu ya umeme iko ukutani barazani, na ina taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Usoni mwake imeandikwa kwamba hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti, yaani wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Tulizima kila kitu nyumbani isipokuwa jokofu. Kompresa ikiwa inafanya kazi, taa ilipepesa kila baada ya nusu dakika hivi. Tukachomoa, tukazungusha kitovu cha taima kwa bisibisi taratibu, kuelekea upande wa mshale, hadi tukasikia "taki", tukachomeka tena. Kompresa ikanyamaza kama inavyopaswa. Hita ya wati 150 ingeifanya taa ile ipepese mara 150 kwa saa, yaani kila baada ya sekunde 24. Nilisimama barazani na saa mkononi. Dakika moja, dakika tatu, dakika tano. Taa haikupepesa hata mara moja. Taima ilikuwa imetoa amri, na hita haikuitika.

Hapo ndipo tulipoondoa vyakula, tukafungua skrubu mbili za paneli, nayo ikakataa kutoka. Ilikuwa imegandiana na barafu kwa nyuma. Hapa naomba msomaji asinielewe vibaya: mtu asichukue kisu, bisibisi wala kitu chochote chenye ncha. Mabomba ya koili ni ya alumini laini, na tundu la ukubwa wa sindano litaigeuza hitilafu ya shilingi elfu chache kuwa hitilafu ya gesi kweli. Tuliweka bakuli la maji ya moto ndani ya friza, tukafunga mlango kwa dakika 15, tukabadilisha maji mara tatu, na paneli ikaachia yenyewe.

Niliyoyaona sijayasahau. Koili nzima, kutoka juu hadi chini, kutoka kushoto hadi kulia, ilikuwa imefunikwa na barafu nyeupe nene kama godoro la mtoto, bila hata sehemu moja ya bomba kuonekana, na mapanga ya feni yalikuwa yamezikwa nusu. Kijana akanieleza jambo ambalo natamani ningeambiwa siku ya kwanza: gesi ikipungua, barafu huonekana kwenye sehemu ndogo tu ya koili, pale gesi inapoingilia, na mabomba mengine hubaki makavu. Barafu iliyoenea sawasawa mahali pote inaonyesha kwamba gesi inafika kila kona, na kinachokosekana ni uyeyushaji. Jibu la shilingi 180,000 lilikuwa nyuma ya skrubu mbili.

Simsemi fundi wangu kwa ubaya; alinihudumia kwa heshima na karakana yake ilikuwa na foleni. Ila kujaza gesi bila kuiona koili ni sawa na mimi kumpunguzia mteja gauni bila kumpima. Zaidi ya hapo, lebo iliyo nyuma ya jokofu langu inasema gesi ya R134a, gramu 120, na kipimo hicho si cha kukadiria kwa macho, kwa sababu gesi ikizidi hudhoofisha upozaji na kuitesa kompresa. Majokofu mengi mapya hutumia gesi ya R600a, ambayo huwaka moto kama gesi ya kupikia. Hayo sitamruhusu mtu ayachezee kwa kubahatisha nyumbani kwangu.

Barafu iliyobaki tuliiyeyusha kwa mlango kuwa wazi na feni ya mezani kuelekezwa humo, nayo ikachukua saa tano na taulo sita. Kisha mita ya kupimia. Hita ilikuwa na maandishi ya volti 230 na wati 150; volti ukizizidisha kwa zenyewe na kugawanya kwa wati unapata omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 353 hivi, na mita ikatuonyesha 347. Hita ilikuwa nzima. Fyuzi ya joto, ambayo hukata umeme moja kwa moja hita ikichemka kupita kiasi, ilisoma sifuri, maana yake njia yake iko wazi kwa umeme kupita. Kilibaki kifaa kimoja: swichi ndogo ya duara, kubwa kidogo kuliko kifungo cha koti, iliyobanwa juu ya koili kwa kibanio. Mafundi huiita bimetali. Koili ikiwa na baridi kali, swichi hii huunganisha njia ya umeme na kuruhusu hita iwake; koili ikishapata joto la nyuzi 10 au zaidi kidogo, huikata njia hiyo na kuizima hita.

Mita ikasema umeme haupiti kwenye swichi. Nilikuwa tayari kuvaa viatu niende mjini, lakini kijana akanizuia. Kwenye joto la chumba, swichi nzima nayo haipitishi umeme, hiyo ndiyo kazi yake. Ukiipima ikiwa na joto utailaumu bure na kutupa iliyo salama. Ilibidi tuipime ikiwa baridi, na jokofu letu lilikuwa limefumuliwa. Nikakumbuka jinsi tulivyotengeneza aiskrimu za kuuza nikiwa msichana. Nilivunja barafu ya kwa jirani kwenye bakuli, nikachanganya na chumvi nyingi, mchanganyiko ambao hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi, tukaiweka swichi ndani ya mfuko wa nailoni huku nyaya zake zikitokeza nje, na kuizika humo. Baada ya dakika 10 mfuko ulikuwa umeota ukungu mweupe. Swichi nzima ingelia "tik" na mita ingeshuka hadi sifuri. Tulingoja dakika 20 nyingine. Mita haikusogea. Nilipoitoa na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha, niliona kifuniko chake cha nyuma kimetuna na ukingoni kuna ufa mwembamba wenye kutu ya kijani. Maji yalikuwa yameingia.

Jumatatu nilikwenda nayo mjini, kwenye maduka ya vipuri karibu na stendi, nikiwa nimeishika mkononi, kwa sababu swichi hizi hutofautiana kwa joto la kuunganisha na kukata umeme na namba yake imechapwa mgongoni. Duka la kwanza hawakuwa na namba ile, na muuzaji akanishauri niunganishe nyaya mbili moja kwa moja nisahau habari ya swichi. Nilikataa. Bila swichi hiyo hita ingeendelea kuwaka hata barafu ikiwa imekwisha, karibu na plastiki, ndani ya nyumba ambamo mama hulala mchana peke yake. Duka la tatu walikuwa nayo, kwa shilingi 12,000.

Kijana aliunganisha nyaya kwa risasi ya kulehemu na kuzifunika na mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto, kwa kuwa utepe wa kawaida huachia mahali penye maji. Mimi nikaibana swichi mahali palepale ilipokuwa, juu ya koili, imelalia bomba. Kabla ya kurudisha paneli nilimimina kikombe cha maji ya uvuguvugu kwenye kitundu cha kutolea maji, na hayakushuka. Ganda la kitunguu lilikuwa limelala mdomoni mwake. Nililivuta kwa kibanio changu cha nyuzi, nikamimina tena, na mara hii nikasikia matone yakilia kwenye kisahani nyuma.

Sikurudisha dawa ya mama siku hiyo. Niliweka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, nikakisoma asubuhi, mchana na jioni, na siku ya pili kilipotulia kwenye nyuzi 5 ndipo nilipokwenda kwa jirani kuvichukua vichupa. Nikaviweka katikati ya rafu hiyohiyo, mbali na tundu la nyuma linaloleta hewa kutoka friza, ambako vingeweza kuganda, na mbali na mlango unaofunguliwa kila saa.

Usiku wa kwanza nilikaa macho makusudi. Saa saba na dakika chache, kompresa ilinyamaza. Nilitoka barazani na tochi na saa ya mkononi, nikasimama mbele ya mita. Taa nyekundu ilipepesa. Nikahesabu sekunde 24, ikapepesa tena. Nilirudi jikoni nikaegemea ukuta gizani, na baada ya muda nikayasikia maji yakianza kudondoka kwenye kisahani, tone moja moja, kisha mfululizo. Katika daftari langu, pembeni mwa vipimo vya sare za kwaya, ukurasa ule una tarehe 7 Mei, na leo ni Novemba.